Kimbunga Hakiulizi Viza: Somo Nililolilipia

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kwisha Novemba 30. Wengi wetu tunayajua mafuriko ya masika, lakini kimbunga tulikuwa tunakiona kwenye televisheni tu. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka Agosti 2017, nikiwa nasoma Houston.

Kimbunga Harvey kilitua karibu na Rockport usiku wa Agosti 25, kikiwa daraja la 4. Kilipofika kwetu upepo ulishapungua, nikajiona nimepona. Kumbe! Daraja hupima upepo tu, halipimi maji. Harvey kilikwama juu ya Texas siku kadhaa. Huko Nederland mvua ilipita milimita 1,500. Alfajiri ya Agosti 27 nikashusha mguu kitandani, nikakanyaga maji. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya chini, na pasipoti na fomu ya I-20 zilikuwa droo ya chini kabisa.

KABLA
Tia hati zako kwenye mfuko usiopitisha maji, zipige picha, ujitumie kwa barua pepe. Weka maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya siku tatu au zaidi, pamoja na vyakula visivyohitaji kupikwa, tochi, redio ya betri na dawa. Kubandika gundi madirishani ni kazi bure, kioo kitavunjika tu. Ziba kwa plaiwudi. Halafu soma bima yako. Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko, na mimi yangu sikuwahi kuisoma! Bima ya mafuriko ya mpango wa serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo usingoje wingu. Ukiambiwa uhame, hama.

WAKATI WENYEWE
Usiingize gari kwenye maji. Maji ya sentimita 60 tu huyabeba magari mengi.

BAADA YA HAPO
Usiwashe umeme kabla haujakaguliwa. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani, maana hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu usingizini. Sisi tuliokua na jiko la mkaa tusijidanganye kuliwasha ndani.

Piga picha kila kilichoharibika kabla ya kutupa. Vaa glavu na buti. Kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo fungua madirisha na kausha upesi. Osha kuta kwa sabuni kwanza, kisha jiki, wala usichanganye jiki na dawa yenye amonia. Godoro lililonywa maji machafu litupe. Mimi langu nililianika siku nne kwa uchungu wa hela, mwishowe nikalitupa vile vile, kuvu imeshaenea chumba kizima.

Jambo la mwisho: wenye viza ya F-1 hatustahili fedha taslimu za FEMA. Lakini makazi ya dharura, chakula na maji ni haki ya kila mtu, usiogope kwenda.

Jamani, leo jioni fungua droo ya chini, uzitoe hizo hati. Kinga ni bora kuliko tiba.