Kutupa Mimba kwa Ngamia: Onyo kwa Afya ya Mfugaji

Katika maeneo kame ya kaskazini mwa Kenya, kama vile Marsabit, Wajir na Mandera, ngamia huendelea kutoa maziwa hata pale ng'ombe wanapokauka. Hata hivyo, uzazi wake ni wa polepole. Jike huanza kupandwa akiwa na umri wa miaka 3 hadi 4, na yai lake hutoka kwenye ovari baada tu ya kupandwa na dume. Mimba hudumu takriban miezi 13, na kwa kawaida huzaa mara moja kila baada ya miaka 2. Hivyo, mimba moja ikiharibika, familia hupoteza ndama pamoja na maziwa iliyoyategemea.

Miongoni mwa sababu za ngamia kutupa mimba ni surra, ugonjwa wa vimelea vinavyoenezwa na inzi wanaouma, na bruselosisi, ugonjwa wa bakteria. Bruselosisi humwambukiza pia binadamu. Bakteria wake hujaa katika kondo la nyuma na majimaji ya uzazi, na hutoka katika maziwa. Jike aliyetupa mimba anaweza kuonekana mzima huku akiendelea kuwatoa. Kuchachusha maziwa hakutoshi kuwaua.

Mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Wanaume wengine huvimba korodani, na mjamzito anaweza kuharibikiwa na mimba. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria na homa ya matumbo, wengi hutibiwa mara kwa mara bila kupona. Ni muhimu mgonjwa amweleze mhudumu wa afya kwamba hunywa maziwa mabichi au kwamba mfugo wake umetupa mimba, naye mhudumu asisite kuuliza. Tiba huhitaji dawa zaidi ya moja kwa wiki 6 au zaidi. Kuikatiza hurudisha ugonjwa. Mjamzito huchaguliwa dawa zinazomfaa.

Kinga yake ni hii:

1. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa.
2. Anayemsaidia ngamia kuzaa avae glovu, kisha anawe kwa sabuni.
3. Kijusi na kondo vizikwe kwa kina, mbwa wasivifikie.
4. Jike aliyetupa mimba atengwe, na daktari wa mifugo aitwe kumpima damu.

Afya ya zizi na afya ya nyumba hazitenganishwi.