Mkurugenzi, Mtendaji na Mjumbe wa Bodi: Utata wa Istilahi za Uongozi wa Kampuni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi tatu zinazotaja viongozi wa kampuni: mkurugenzi, mtendaji na mjumbe wa bodi. Hoja yetu ni kwamba neno mkurugenzi, likiachwa peke yake, humpotosha msomaji kuhusu nani anaamua na nani anatekeleza. Na kwamba lugha ya utawala wa kijiji inatosha kuuondoa utata huo. Mifano imeteuliwa kutoka kampuni zinazosafirisha mizigo kwa roboti na kwa ndege zisizo na rubani, yaani ndege nyuki. Katika kampuni hizo hakuna dereva wa kuulizwa. Mzigo usipofika, mpokeaji hubakiwa na majina ya vyeo tu.

2.0 Mifano

Usafirishaji wa aina hii si jambo la mbali. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2018, DHL, Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ walipeleka dawa kwa ndege nyuki kutoka Mwanza hadi Ukerewe, umbali wa kilometa 60, kwa dakika 40 hivi. Kwingineko, kampuni ya Starship Technologies, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ahti Heinla na Janus Friis, hutumia roboti ndogo za magurudumu. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilimteua Alastair Westgarth kuwa mtendaji mkuu. Kabla ya hapo aliongoza Loon, kampuni ya maputo ya intaneti iliyotoa huduma Kenya kuanzia Julai 2020.

Westgarth aliajiriwa kuendesha kazi. Lakini watendaji wazoefu wa namna yake hualikwa pia kuingia katika bodi, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinapokwama. Tuitazame sentensi hii:

(1) Mtendaji mzoefu amejiunga na kampuni ya roboti akiwa mkurugenzi.

Sentensi (1) ina maana tatu:

(2) a. Ameajiriwa kuongoza idara moja, mathalani ya fedha.
b. Ameajiriwa kuongoza shughuli zote za kampuni.
c. Ameingia katika bodi. Anashiriki maamuzi ya kikao, lakini haendeshi kazi za kila siku.

3.0 Uchambuzi

Tumchukue msomaji aliyeko Milepa, katika Bonde la Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mrefu unaoutenga uwanda wa juu wa Ufipa na bonde. Kwake, mkurugenzi ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya. Huyo ni mtekelezaji: madiwani wakishaamua, yeye ndiye anayetenda. Katika kampuni mambo yamegeuka. Wakurugenzi wakiwa pamoja ndio kikao chenyewe. Wao ndio wanaolingana na madiwani. Kwa hiyo neno lile lile linataja mtekelezaji wilayani na mwamuzi katika kampuni. Huu si utata wa kawaida wa neno lenye maana nyingi. Ni maana mbili zinazopingana ndani ya uwanja mmoja wa uongozi.

Hata hivyo, msomaji huyo huyo anayo tayari tofauti tunayoitafuta. Kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, kijiji kina halmashauri yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Kando yao yupo Afisa Mtendaji, ambaye ni mwajiriwa. Hakuna mwanakijiji anayewachanganya hawa wawili. Tukisema kwamba mtu fulani ni mjumbe wa bodi na mwingine ni mtendaji mkuu, maana (2c) inatengana na (2b) bila maelezo marefu.

Ulinganisho huu, hata hivyo, una mpaka. Wajumbe wa halmashauri ya kijiji huchaguliwa na wanakijiji wenyewe. Wajumbe wa bodi ya kampuni huwajibika kwa kampuni na wenye hisa. Mama anayesubiri dawa katika zahanati ya bondeni si mwenye hisa. Istilahi sahihi haimpi kura. Inamwonyesha tu mlango wa kubisha. Dawa ikichelewa, anayeulizwa kwanza ni mtendaji. Ikiamuliwa kwamba njia ya bondeni ifutwe kabisa, swali linaihusu bodi.

4.0 Hitimisho

Suala hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ilitungwa kwa Kiingereza, nayo humtambua mkurugenzi kwa nafasi anayoishika, kwa jina lolote atakaloitwa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mfasiri hawezi tena kujificha nyuma ya neno moja.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, anayeingia katika bodi aitwe mjumbe wa bodi. Pili, anayeendesha kampuni aitwe mtendaji mkuu. Na akiwa pia mjumbe wa bodi, nafasi zote mbili zitajwe. Tatu, neno mkurugenzi lisitumike bila kuambatishwa na kazi yake, kama vile mkurugenzi wa fedha. Kwa utaratibu huo sentensi (1) itaandikwa hivi:

(3) Mtendaji mzoefu ameteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya kampuni ya roboti.

Sentensi (3) haihitaji kamusi kando yake, wala haimwachi msomaji wa Milepa akimtafuta mwamuzi katika ofisi ya mtekelezaji.