Zawadi Inayoota: Umpe Nini Mtu Anayeanza Shamba?

Kila mwaka mvua inapokaribia, wako watu katika skimu zetu wanaoanza shamba kwa mara ya kwanza. Huyu ni kijana aliyegawiwa kipande na baba yake. Yule ni mke aliyeolewa juzi, anataka bustani ya mboga karibu na jiko. Mwingine amestaafu kazi Nairobi, amerudi Kieni, naye hajashika jembe tangu alipokuwa shuleni. Jamaa na majirani hupenda kumpa kitu cha kuanzia. Hiyo ni desturi njema. Wazee waliopata mashamba katika mpango mkubwa wa makazi ulioanza mwaka 1962 wanajua thamani ya jirani mwenye mbegu.

Lakini zawadi ya shamba si sawa na zawadi ya blanketi. Blanketi bovu litamwudhi mtu mmoja tu. Mbegu yenye ugonjwa huharibu udongo wake kwa miaka, na udongo wa jirani yake pia. Kwa hiyo somo la mwezi huu lina sehemu mbili: kwanza, zawadi za kuogopwa, pili, zawadi zinazofaa.

KIAZI KIZURI KWA MACHO

Katika Kieni, na upande wa Timau na Kibirichia huko Meru, ni jambo la kawaida kumpa mtu debe la viazi vya mbegu. Hapo yafaa tuwe waangalifu sana, kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko. Ugonjwa huu huletwa na bakteria wanaokaa ndani ya kiazi na ndani ya udongo. Mahali penye baridi kiazi huweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili yoyote. Ukikitazama utasema ni kizuri. Kikipandwa, na jua likiwa kali, mmea hunyauka ghafula ungali mbichi, kisha hufa. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoweza kuuponya. Maji ya mvua, majembe na matope ya viatu huupeleka mpaka shamba la chini.

Kabla ya kumpa mtu mbegu, jiulize: je, msimu uliopita mmea hata mmoja ulinyauka katika shamba langu bila kukosa maji? Kama ulinyauka, usitoe mbegu hiyo, wala usiipande wewe mwenyewe.

Kuna njia rahisi ya kupima. Kata shina la mmea ulionyauka karibu na udongo. Litumbukize ncha yake katika gilasi ya maji safi, ulishike bila kulitikisa. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka majini, huo ndio mnyauko.

Shamba likiisha kuambukizwa, mwenyewe hawezi kupanda viazi, nyanya, biringanya wala pilipili kwa misimu kadhaa. Itambidi apande mahindi, maharagwe, kabichi au nyasi, na kung'oa kila kiazi kinachojiotea. Fikiri basi juu ya kijana mwenye nusu ekari anayetegemea viazi kwa karo ya watoto. Debe moja la bure limemfungia mlango.

Ukitaka kumpa viazi, mnunulie mbegu iliyokaguliwa, kama ile ya ADC Molo au ya kituo cha utafiti cha KALRO Tigoni, hata ikiwa kidogo. Ataipanda peke yake katika udongo safi, na baada ya msimu atakuwa na mbegu yake mwenyewe ya kuongeza.

NYASI ZA NG'OMBE

Zawadi nyingine ya kawaida ni vipande vya nyasi za Napier. Katika nchi yetu ya kati kuna ugonjwa wa fugwe unaoshika nyasi hizo. Mabua huwa membamba, nyasi hutoa vichwa mapema, na vichwa hivyo hufunikwa na unga mweusi. Kila ukikata, mavuno hupungua, mpaka shina lote hufa. Unga ule hupeperushwa na upepo, na ugonjwa huenda pia ndani ya vipande vya kupanda. Usikate mbegu katika shamba lenye vichwa vyeusi. Toa mbegu ya aina zinazostahimili fugwe, kama Kakamega 1 na Kakamega 2.

ZAWADI ZINAZOFAA

1. Mche uliounganishwa. Avokado iliyoota kutoka kokwa huchelewa sana kuzaa, na matunda yake huenda yasifanane na ya mama yake. Mche wa Hass uliounganishwa huweza kuanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Nunua katika kitalu chenye kibali. Tazama mahali pa kiungo: pawe pameshikana vizuri, tena juu ya udongo. Tazama mizizi: isiwe imejizungusha chini ya mfuko. Lakini avokado changa huuawa na jalidi. Kwa mtu wa Kieni juu, ambako jalidi huanguka, afadhali mche wa plamu au pichi.

2. Mche wa kahawa. Kwa jamaa aliye Mathira, Tetu, Othaya, Kirinyaga au Embu, mpe Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian, iliyotolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele kirefu cha Mlima Kenya. Aina hizi mbili hustahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo humpunguzia anayeanza gharama ya dawa.

3. Pakiti za mbegu za mboga. Mpe sukuma wiki, spinachi, managu na terere. Soma tarehe iliyoandikwa. Mbegu ya vitunguu hupoteza nguvu upesi. Usimpe iliyokaa miaka kabatini. Pakiti za mbegu zilizothibitishwa huwa na kibandiko cha KEPHIS cha kukwangua, chenye namba ya kuulizia kwa simu. Mfundishe kukitumia.

4. Gunia la samadi iliyooza. Watu huona haya kupeleka samadi kama zawadi. Msione haya. Mche wa thamani ukipandwa bila mbolea hudumaa. Hakikisha imeoza kabisa: haina joto, hainuki, na inavunjika mkononi kama udongo.

5. Chombo kimoja kizuri. Jembe lenye mpini imara, au ndoo ya kumwagilia yenye mdomo wa matundu. Anayeanza akimwagilia kwa sufuria huchimbua mbegu zote.

6. Siku moja ya kazi. Nenda ukamchimbie shimo la futi 2 kwenda chini na futi 2 kila upande, udongo wa juu ukiuweka kando, umwonyeshe namna ya kuuchanganya na samadi na kuurudisha kwanza. Au fuatana naye siku ya maonyesho ya wakulima katika kituo cha mafunzo cha Wambugu, karibu na mji wa Nyeri. Zawadi hii haina gharama kubwa, wala haibebi ugonjwa.

Kwa aliyepanga chumba Karatina au Nanyuki, hata yeye asisahauliwe. Gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, litampa sukuma wiki juu na ubavuni.

TOA KWA WAKATI WAKE

Mche ukitolewa Januari hufa kwa kiu. Peleka samadi kabla ya mvua, na miche mvua zinapoanza kushika, mwezi Machi au Oktoba.

Tena, kazi ya mtoaji haimaliziki siku ya kutoa. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, alipoanzisha Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akina mama walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioishi. Hawakulipwa kwa kupanda tu. Nasi tufanye vivyo hivyo. Baada ya mwezi mmoja rudi ukaitazame zawadi yako. Kama imedhoofika, msaidie mwenyewe kujua sababu. Kama inaota vizuri, mwambie hivyo, kwa maana anayeanza huhitaji kusikia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kiazi kinachoonekana kizuri huweza kuwa na hatari?
2. Utaujuaje mnyauko kwa kutumia gilasi ya maji?
3. Ni mche gani unaofaa mahali penye jalidi?
4. Je, yuko mtu katika skimu yenu anayeanza shamba msimu huu? Kikundi kitampa nini?