Alinigonga, akaahidi kulipa, sasa hapokei simu

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala Kizuiani na nafanya biashara Kariakoo. Wiki mbili zilizopita, saa moja jioni, nikiwa nimesimama kwenye foleni pale Mtoni kwa Aziz Ali, Noah ilinigonga kwa nyuma. Bampa la Passo yangu limepasuka, taa ya kushoto imevunjika na mlango wa nyuma haufungi vizuri. Dereva alishuka akinifokea kwamba nilifunga breki ghafla na kwamba wanawake hatujui kuendesha. Nilipomwomba leseni alikataa, akasema gari ni la bosi wake. Watu wakatuambia tumalizane tuwapishe njia. Akanipa elfu ishirini na namba ya simu, akaahidi kumalizia Ijumaa. Fundi ameniambia laki tatu na nusu. Ijumaa hakupokea, na sasa nikipiga haiiti, ila nikitumia simu ya mdogo wangu inaita. Nina picha tatu na namba ya gari inaonekana. Gari langu lina bima ndogo. Mume wangu anasema niachane naye. Vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu wanasema niwape namba ya gari watamtafuta. Nifanye nini? Na je, kwa kupokea ile elfu ishirini nimejifunga?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Pole sana dada yangu. Bati linanyooshwa likaisha, lakini kufokewa barabarani mbele ya watu wakati wewe ndiye uliyegongwa ni jambo linalokaa moyoni. Kwa hiyo tuanzie hapo. Hukukosea. Ulikuwa umesimama, na anayefuata nyuma ndiye anayetakiwa kuacha nafasi ya kutosha, ili wa mbele akisimama ghafla naye aweze kusimama. Hoja yake ya breki isingemwokoa kirahisi hata kama ingekuwa ya kweli. Na hayo maneno yake kuhusu wanawake hayaingii kwenye mchoro wa ajali. Trafiki akifika anapima barabara, anaangalia magari yamegusana wapi, anaandika. Kelele zile zilikuwa na kazi moja tu: kukutia aibu ili uondoke upesi bila kuuliza maswali.

La elfu ishirini: hujajifunga. Mtu aliyesema atamalizia Ijumaa amekiri mwenyewe kwamba deni lipo. Tatizo ni kwamba hakuna karatasi, na kesho anaweza kusimama mbele ya afande akasema, "Tulishamalizana, nilimpa hela akapokea." Basi popote utakapoeleza habari hii, itaje wewe kabla hajaitaja yeye. Sema ulipokea Sh20,000 kama malipo ya kuanzia na unadai Sh330,000 zilizobaki. Ukidai laki tatu na nusu kamili wakati umeshapokea, utampa sababu ya kukuita mwongo.

Siwalaumu waliosema mmalizane. Barabara ya Kilwa jioni ina watu waliosimama kwenye daladala tangu Kariakoo, na magari mawili yaliyogusana bampa yanaweza kuwachelewesha mamia. Kumalizana ni desturi njema ya mji huu, na kwa ajali ya bati tu mara nyingi ndiyo njia bora. Kasoro yetu ni kumalizana kwa mdomo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na deni la barabarani huisha hivyo hivyo. Kila ninachokushauri hapa chini kinatoka kwenye neno hilo: tangu leo, kila hatua yako iwe na maandishi.

Anza na fundi. "Ameniambia" haitoshi. Aandike kwenye karatasi ya gereji, spea peke yake na ufundi peke yake, aweke tarehe, sahihi na muhuri kama anao. Pata na karatasi ya gereji ya pili, kwa sababu bei ya bampa na taa za mtumba pale Shauri Moyo inatofautiana na ya dukani, na mlipaji yeyote atauliza. Usiongeze hata senti ya mkwaruzo uliokuwepo zamani. Na kama unaweza kuvumilia, usilitengeneze gari kwanza. Gari likishapakwa rangi, mkaguzi hana cha kukagua.

Kisha mwandikie dereva meseji moja ya adabu. Mtumie kwa namba yako, na kwa kuwa amekufungia, itume pia kwa simu ya mdogo wako ukijitambulisha. Iwe hivi: "Habari za leo kaka. Mimi ndiye mwenye Passo uliyoigonga Mtoni kwa Aziz Ali. Ulinipa Sh20,000 ukaahidi kumalizia. Fundi ameandika Sh350,000, kwa hiyo zimebaki Sh330,000. Kama huwezi kwa mkupuo, niambie utalipa kwa awamu ngapi. Nisipopata jibu hadi Jumatano jioni, Alhamisi nitaripoti polisi na kumtafuta mwenye gari." Weka na tarehe ya ajali. Usitukane na usitishie zaidi ya hapo, maana meseji hiyo itasomwa na watu wengine baadaye, na ni vizuri waone nani alikuwa muungwana.

Jina lake pia linaweza kupatikana. Anza kama unayetaka kumtumia pesa kwa simu, na kabla hujaweka namba ya siri jina la aliyesajili laini litatokea. Liandike, kisha sitisha. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ila inawezekana anatumia laini ya mke wake au ya rafiki. Kwa hiyo jina hilo mpe polisi kama taarifa, usilitangaze kwa majirani wala kwenye makundi ya WhatsApp.

Jumatano ikipita kimya, nenda polisi, kwenye kituo kinachohudumia eneo la ajali. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame na atoe jina na anwani yake, pamoja na za mwenye gari, kwa mtu mwenye sababu ya kuuliza. Ulikuwa na sababu, na kukukatalia lilikuwa kosa jingine juu ya kosa la kukugonga. Wanaweza kukuuliza kwa nini umekaa wiki mbili. Sema ukweli: aliahidi, ukamwamini. Beba picha zote tatu zikiwa bado kwenye simu uliyopigia, kwa sababu zinabeba tarehe na saa. Beba meseji, namba ya gari, karatasi za fundi, na jina la shahidi kama unamjua hata mmoja. Hakikisha unaondoka na RB, yaani namba ya taarifa yako. Huduma ya kuandikisha taarifa hainunuliwi, na mtu yeyote akikuomba chochote, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Sasa bima, maana hapa wengi hupoteza haki yao kwa kutoelewa. Bima ndogo uliyonayo haitengenezi gari lako. Inamlipa mtu uliyemgonga wewe. Wengi wakishajua hivyo hukata tamaa, wakasahau kwamba Noah nayo inatakiwa kisheria iwe na bima angalau hiyo ndogo, na hapo wewe ndiye mtu wa kulipwa. Siku hizi stika za bima ni za kielektroniki, kwa hiyo hukuhitaji hata kumwomba akuonyeshe. Ingia kwenye mfumo wa uhakiki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, uweke namba ya gari, na utaona kama gari lina bima hai na ni ya kampuni gani. Peleka madai kwenye kampuni hiyo. Watahitaji nyaraka za polisi: ripoti ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na mchoro. Ndiyo maana hatua ya polisi hairukwi. Kampuni ikikuzungusha, lalamika TIRA, na ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya watu kama wewe. Na ukikuta Noah haina bima, mwambie afande, kwa kuwa hilo nalo ni kosa.

Dereva alidhani neno "bosi" litakutisha. Lenyewe linakusaidia. Mwajiri anawajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini, na polisi wanaweza kumjua mmiliki kupitia usajili wa gari. Mara nyingi bosi huwa hajaambiwa chochote. Ameletewa gari lenye mkwaruzo mbele na hadithi ya kubuni. Kama Noah hiyo ni ya biashara, gari likiitwa kituoni kwa ukaguzi, hesabu ya siku hiyo imelala. Mwenye gari mwenye akili huona kwamba kulipa laki tatu na kitu ni nafuu kuliko usumbufu huo. Ukimpata, zungumza naye kwa heshima kama mtu asiye na kosa, kwa sababu huenda kweli hajui.

Ikifika hapo wakakubali kulipa, usipokee hata elfu kumi kabla hawajaandika. Sababu yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Madai ya uzembe yasiyo na makubaliano huanzia Mahakama ya Wilaya, na kwa kiasi kama chako nauli na muda vinaweza kumaliza faida yote. Deni linalotokana na mkataba linasikilizwa Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu na watu na ambayo shughuli zake ni za Kiswahili. Karatasi moja yenye sahihi inalipeleka dai lako kwenye mlango mwepesi zaidi. Hata hivyo usione umechelewa: madai ya uzembe yana muda wa miaka 3 tangu tukio.

Kuhusu vijana wa kijiweni, nakusihi dada yangu, usiwape namba hiyo. Wanakupenda na wana uchungu na wewe, lakini unajua mtaa wetu. Wakimkuta Tandika au Temeke wakamzingira, akikimbia, mtu mmoja asiyejua habari akipiga kelele ya "mwizi", hakuna atakayeuliza kuhusu bampa. Watu wamekufa katika jiji hili kwa kelele hiyo. Na hata asipoguswa, yeye ndiye atakayekwenda polisi kama mlalamikaji, wewe ukiitwa kama mtuhumiwa.

Mume wako naye hana nia mbaya. Anaogopa utapoteza siku za biashara ukizunguka vituoni. Mweleze mpango wenye mwisho: meseji moja, siku ya polisi, dai moja la bima. Mkifika hapo bila mafanikio, kaeni pamoja mpime kama iliyobaki inafaa kufuatwa. Kuamua kusamehe baada ya kuidai haki yako ni uamuzi wa mtu huru. Kunyamaza kwa sababu ulifokewa ni kumfundisha yule dereva kwamba kufoka kunalipa, na atamfanyia hivyo mwanamke mwingine mwezi ujao.

Kwa wasomaji wengine ambao hayajawafika: mkigongana, angalieni watu kwanza. Kama kuna aliyeumia, piga 112, na hapo hakuna kumalizana. Majeruhi atahitaji fomu ya polisi ya PF3 na hospitali. Kama ni bati tu, piga picha kabla hamjasogeza magari: namba zote mbili, sehemu zilizogusana, na barabara kwa umbali wa hatua kadhaa. Kisha pisheni njia, muandike pembeni. Maneno machache yanatosha: "Mimi fulani, dereva wa gari namba fulani, leo tarehe fulani nimegonga gari namba fulani kwa nyuma. Nimekubali kulipa gharama za matengenezo. Nimetoa Sh20,000, kiasi kilichobaki nitalipa kabla ya tarehe fulani." Sahihi mbili, namba za simu mbili, shahidi mmoja. Piga namba yake palepale uisikie ikiita mfukoni mwake. Kama hataki kushika kalamu, mtumie maneno hayo hayo kwa meseji na umwombe ajibu "nimekubali" mbele yako. Akikataa hilo pia, hana nia ya kulipa. Usipoteze muda kubishana, mwite trafiki.

Kwa hiyo, kabla hujalitoa gari kesho asubuhi, weka daftari dogo na kalamu kwenye droo ya dashibodi. Na siku ukiwa wewe ndiye uliyegonga, shuka, omba radhi, mwandikie mwenzako.