Nafuu si Kupona

Mgonjwa anapojuliwa hali huko Rulenge au Nyakahura, hujibu ama "nimepata nafuu" ama "nimepona". Maneno haya hutumiwa kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, kumbe sivyo. Nafuu ni kupungua kwa maumivu. Kupona ni kuondokewa na ugonjwa wenyewe. Katika Kirundi, lugha iliyo karibu sana na Kihangaza cha Ngara, gukira ni kupona na pia ni kutajirika, wala hakuna atakayemwita tajiri mtu aliyepata shilingi mbili tatu.

Wachina nao, ambao madaktari wao wamehudumu nchini mwetu tangu miaka ya 1960, hutenganisha hali hizo: hao duo le ni aliyepata nafuu kubwa, quanyu ni aliyepona kabisa. Methali yao husema kwamba ugonjwa huja kama mlima unaoporomoka na kuondoka kama uzi wa hariri unaovutwa taratibu.

Tumewataja Wachina kwa sababu dawa mseto ya malaria, ALu, ina asili kwao. Artemisinini ilitolewa katika mmea wa qinghao mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kundi la Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mtu mzima humeza vidonge 24 vya ALu: vinne kwa kila mara, mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Homa huweza kushuka mapema, vidonge vingi vingali kwenye pakiti. Hapo ndipo wengi huacha, wakaweka akiba, na mtoto akipata homa hukatiwa humo bila kupimwa. Tumelisikia jambo hili mara nyingi mno. Wakati huohuo, watafiti wamekwisha kubaini mkoani Kagera vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Dozi isiyokamilika huviachia nafasi ya kuzaana.

Unaponunua dawa katika duka la dawa muhimu, hakikisha kwanza umepimwa malaria, nunua dozi nzima, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, udai risiti. Homa ikiendelea baada ya siku tatu, rudi kituo cha afya ukiwa na pakiti yako.