SOMO KWA WALIMU NA WAZEE: ASIYEWEZA KUANDIKA SI MVIVU

Mwaka 2015 Tanzania Bara ilirekebisha mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ili utangulize Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Hata hivyo, wapo watoto wanaojibu vyema kwa mdomo lakini daftari zao ni tupu. Hao huitwa wavivu, wakapigwa, na hatimaye huichukia skuli.

Tuchukue mfano wa Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Huko, kama visiwani kwetu, wapo watoto waandikao Kiswahili kutoka kushoto na, wakienda chuoni, Kiarabu kutoka kulia. Wengine nyumbani husema Kiha. Kwa anayeanza, kugeuza herufi ni jambo la kawaida. Mwalimu aangalie zaidi dalili hizi:

(a) Mtoto kuendelea kuchanganya b na d baada ya Darasa la Pili.
(b) Kuruka silabi, mathalan kuandika "mibuka" badala ya "migebuka".
(c) Kukaza kalamu mno na kuchoka upesi.

Kwanza, macho na masikio yake yapimwe. Kisha afundishwe silabi chache kila siku, akizichora mchangani kwa kidole kabla ya kushika kalamu. Aongezewe muda, na aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Anayeandika kwa mkono wa kushoto asilazimishwe kuuacha.

Wazee wanaombwa kufika skuli na kushauriana na walimu mapema. Fimbo haijapata kumfundisha mtu herufi.