Saizi 12 ya Nani? Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwenye Vipimo vya Maandishi

Haya yanawahusu vijana wa stesheneri za Makambako na Njombe, wanaopanga kadi za harusi, lebo za asali na vijitabu vya shule kwenye kompyuta, kisha wakatuma faili Dar es Salaam au Mbeya na kungoja mzigo uje na basi. Kazi ikija imekosewa, karatasi imeshaliwa na nauli ya mzigo imeshalipwa. Mara nyingi kilichokosewa si rangi wala tahajia. Ni kipimo.

Usitume namba tupu. "Weka 10 pembeni" si maelekezo. Milimita 10 ni pointi 28 na ushee. Pikseli 10 ni pointi 7.5. Tunaishi kwenye miji ambako mbao huuzwa kwa inchi na futi, na mteja wa bango akitoka kwenye mbao anakuja na futi zake, huku mwalimu aliye nyuma yake kwenye foleni anataka kijitabu cha A5, yaani milimita 148 kwa 210. Andika mm, pt au px kila mara, hata kwenye meseji ya WhatsApp.

Kariri namba tatu. Inchi moja ni milimita 25.4. Inchi hiyo hiyo ni pointi 72 kwenye programu za kupanga kurasa, na ni pikseli 96 kwenye tovuti na vitabu pepe. Mengine yote yanatoka humo: pikseli 16 ni pointi 12, pika moja ni pointi 12, pointi moja ni milimita 0.3528. Kikokotoo kipo kwenye simu yako. Usikisie.

Usikate desimali kabla hesabu haijaisha. Safu ya mistari 40, kila mstari pointi 14, ni pointi 560. Kwa 0.3528 unapata milimita 197.6, ukifupisha ikawa 0.35, unapata 196. Milimita moja na nusu imepotea, na mstari wa mwisho hautakaa sawa na wa ukurasa unaotazamana nao. Fupisha namba mwishoni tu.

Usiipeleke picha ya skrini kwenye karatasi. Hili ndilo linaloumiza wengi. Kadi imetengenezwa kwa pikseli 794 kwa 1123, na kwenye skrini inajaza A4 vizuri kabisa, kwa sababu programu inahesabu pikseli 96 kwa inchi. Mchapaji anataka 300 kwa inchi. Kwa kiwango hicho kadi yako ina sentimita 6.7 kwa 9.5, ukubwa wa kiganja. Ukiivuta ijae A4, majina ya bwana na bibi harusi yatatoka na ukungu, na ukungu wa asubuhi ya Njombe unatutosha. Anza na pikseli 2480 kwa 3508, au tengeneza kwa milimita tangu mwanzo na utoe PDF. Kisha usiitume kama picha ya WhatsApp, maana itapunguzwa njiani. Itume kama dokumenti.

Usiweke pointi kwenye kitabu cha kusomwa kwenye simu. Huko tumia em. Em moja ni ukubwa wa herufi za mahali husika, kwa hiyo msomaji akikuza maandishi, vichwa na nafasi vinakua pamoja nayo. Ila usipachike em ndani ya em bila kuhesabu: 0.8 ndani ya 0.8 ni 0.64, na pikseli 16 zimeshuka hadi 10. Bibi anayesomea kwenye simu ndogo hatakushukuru.

Usipime herufi kwa rula ukadai umepata saizi. Pointi 12 ni kimo cha nafasi ya herufi, si cha wino unaouona. Ndiyo maana Verdana ya 12 inaonekana kubwa kuliko Times New Roman ya 12. Ukiletewa kitabu cha zamani ukipange upya, pima mistari 10, kutoka kitako cha mstari mmoja hadi kitako cha wa kumi na moja, ugawe kwa 10, upate nafasi ya mstari, si saizi ya herufi. Tena usidhani pointi ni moja dunia nzima. Ile ya Didot, iliyotumika Ufaransa na Ujerumani, ni karibu milimita 0.376. Programu ya TeX nayo huhesabu pointi 72.27 kwa inchi. Ile ya 72 huiita bp.

Hakikisha karatasi ni A4. Kompyuta nyingi huja zimewekwa Letter, karatasi ya Marekani, milimita 215.9 kwa 279.4. Dukani hakuna karatasi hiyo, kwa hiyo printa inabana ukurasa uingie, na pointi 12 zako zinakuwa 11.7 bila mtu kukuambia. Badilisha kwenye faili, kisha chagua asilimia 100 kwenye printa.

Chora mstari wa milimita 100 kwenye ukurasa wa majaribio, na umwombe mchapaji aupime kwa rula kabla ya kutoa nakala zote. Akisoma karibu 97, ukurasa wa Letter umebanwa kwenye A4. Akisoma 94, A4 imebanwa kwenye Letter. Mwambie asimame hapo hapo, kabla hajawasha mashine ya kukatia.